Mafuta Aliyotuachia Mama

Hirta, 20 Agosti 1886

Mdogo wangu Beathag,

Salamu nyingi za upendo zikufikie wewe, mumeo Niall na mwanao Lachlann. Hujambo? Kile kifua chako kinaendeleaje na moshi wa Glasgow? Sisi huku kisiwani tu wazima kwa rehema za Mungu, ingawa goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda mlima. Meli iko ghubani na nahodha anasema ataondoka upepo ukigeuka, kwa hiyo usishangae mwandiko ukikimbia.

Wiki mbili hizi ni kazi ya ndege tu. Wanaume wanashuka majabalini kwa kamba, sisi tunabeba, tunanyonyoa, tunakamua mafuta, tunatia chumvi. Mikono yangu inanuka ndege mpaka Biblia yangu nayo inanuka ndege. Unakumbuka Niall alivyokuwa akisema hayo ndiyo marashi ya maharusi wa Hirta?

Sasa sikia. Seonag wangu ana mimba. Mtoto tunamtarajia mwisho wa mwezi wa pili. Hakuniambia kwa mdomo. Alikuja akakaa karibu na moto, akauchukua mkono wangu akauweka tumboni mwake, akalia. Nikamwambia, "Unalia nini, mwanangu? Wenzako wanalilia kukosa." Akasema, "Mama, mimi nalilia siku ya nane."

Mwezi uliopita tulimzika mtoto wa Raonaid, yule mkwe wa Bibi Gormul. Huyo ni wa tatu wake. Siku ya nne aliacha kunyonya, siku ya sita taya zikajifunga, siku ya nane tukambeba. Miaka sita sasa, Beathag, hapa hakuna mtoto aliyeivuka siku hiyo. Wanawake hawashoni tena hata kofia ya mtoto kabla hajafika siku ya tisa, maana nguo ikibaki bila mwenyewe inamtazama mtu kila anapofungua sanduku. Fionnlagh seremala yeye huziweka mbao za jeneza tayari mapema, wala simlaumu.

Nimejiandaa kadiri ninavyojua. Lile tumbo la ndege lililokaushwa alilotuachia mama nimelijaza mafuta ya mwaka huu juu ya yale ya zamani, nimelitundika mahali pake karibu na moto. Sijaliosha, kama alivyoniusia. Kitovu cha mtoto nitakipaka kwa mkono wangu mwenyewe, asubuhi na jioni, na nitaomba. Mimi nilizaa saba, Mungu akaniachia mmoja tu, huyu Seonag, aliyekuwa na haraka zake akazaliwa kule Bonde Kuu tukikamua ng'ombe, mimi na wewe peke yetu. Aliyenipa huyu siku ile hashindwi kumpa naye wa kwake.

Utuombee. Ukisikia meli nyingine inakuja kabla ya dhoruba, usiache kuandika.

Dada yako,
Marsaili binti Lachlann


Glasgow, 30 Agosti 1886

Dada Marsaili,

Barua yako niliipata juzi, nikaisoma mara tatu, na Niall akataka nimsomee tena pale pa marashi. Wote hatujambo. Kifua changu ni kilekile. Lachlann ametimiza miaka saba na anakula kama mpiga kasia.

Nimefurahi sana kwa habari ya Seonag. Dada, nimeacha ile kazi ya kiwandani. Sasa nafua shuka katika nyumba moja wanakojifungulia wanawake maskini. Mkuu wa wakunga hapo anaitwa Bi Nairn, mwanamke mkali, lakini haki anaijua. Nilimsimulia habari za kwetu, akaniuliza mambo mawili matatu. Pamoja na barua hii nimekutumia kifurushi: sabuni miche minne, vitambaa vyeupe kumi na viwili nilivyovichemsha mwenyewe, na chupa moja ya dawa ya kuoshea vidonda. Ukikaribia kumpokea mtoto, nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Uzi uchemshe, na kisu pia. Kitovu kifunge kwa kitambaa kikavu na ukiache hivyo hivyo.

Mafuta yapumzike safari hii. Nakuomba, dada. Usiniulize kwa nini, fanya kama unanipendelea mdogo wako kwa jambo dogo.

Nakimbilia bandarini kuiwahi meli ya mwisho.

Beathag wako


Hirta, 11 Januari 1887

Mdogo wangu Beathag,

Hujambo mama, na nyumba yako? Mkwe wangu Tormod anatuma kijimashua leo kwa sababu upepo unatoka kaskazini magharibi. Ni ubao uliochongwa shimo katikati, barua inalala humo ndani pamoja na senti ya stempu, juu kafunga kibofu cha kondoo kilichojazwa upepo ili kielee. Mungu akipenda kitatupwa pwani ya Lewis na mtu mwema atakiokota. Cha mwaka juzi kilikwenda mpaka Norwe, wakasoma wao habari za goti langu.

Kifurushi chako kilifika. Asante. Sabuni ile ina harufu nzuri kiasi kwamba Bibi Gormul aliilamba. Lakini, Beathag, hebu nicheke kidogo. Mafuta yapumzike? Yamechoka? Yamekuandikia barua kulalamika? Nilimsomea Gormul pahala pale, akasema, "Huyo mdogo wako akikaa mjini mwaka mwingine atatuambia na kuomba Mungu kupumzike."

Usikasirike. Najua unatupenda. Vitambaa vyako nimevitunza na nitavitumia. Ila mafuta ni mafuta. Mama alimpokea karibu kila mtu mzima kisiwani hapa kwa tumbo lile, na bibi kabla yake. Akiwa anakufa alinishika mkono, hakuniusia ng'ombe wala nyumba, aliniusia lile. Miaka kumi na minne nimepaka, na watoto wako wanne nimewapaka, na wewe ulinishikia taa. Leo nimwache mjukuu wangu mwenyewe na kitovu kikavu kama mtoto asiye na watu? Watu wangesema Marsaili amemnyima wa kwake.

Seonag ni mzito, miguu imevimba, lakini anakula. Tormod amemchongea kiti. Tunaishi kwa shayiri na ndege wa chumvi.

Tuombee.

Marsaili


Glasgow, 16 Februari 1887

Dada,

Kijimashua chenu kiliokotwa pwani ya Uist na barua yako imenifikia jana. Sitaanza na salamu. Nisamehe. Ninajua hakuna meli ya kuja kwenu mpaka mwezi wa tano, na ninajua barua hii italala bandarini wakati Seonag anajifungua. Ninaiandika hivyo hivyo, maana nilipaswa kuiandika mwezi wa nane nikaogopa.

Siku ile Bi Nairn aliniuliza, "Kwenu kitovu mnakifanyaje?" Nikamwambia kwa fahari kabisa, tunayo mafuta ya ndege, yanakaa kwenye tumbo la ndege lililokaushwa, haliishi wala halioshwi, dada yangu ndiye mwenye kulitunza. Alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini. Akaniuliza, "Na watoto wanakufa siku ya ngapi?" Nikamwambia. Akaniuliza kama taya hujifunga. Nikamwambia. Akasema, "Hiyo ni pepopunda, Beathag. Inaingilia kwenye kidonda cha kitovu. Uchafu ulioko kwenye hayo mafuta ndio unaowaua."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika, na hakunifukuza kazi. Akanishika mkono akanipeleka wodini, akanionyesha vitanda. Tangu nianze kufua humo nimeona watoto zaidi ya mia mbili wamezaliwa. Wengine wamekufa, ndiyo, kwa homa, kwa njaa ya mama zao. Wa taya kujifunga sijamwona hata mmoja.

Lachlann wangu alizaliwa hapa, hakupakwa kitu. Wewe uliniandikia kwamba Mungu amenihurumia kwa kuwa nimelia vya kutosha. Nami niliamini.

Dada, sikukwambia kwa sababu ungejua habari ya wale wanne wangu, na wale sita wako, na mama. Nilidhani nikituma sabuni na kusema maneno matamu, mtoto atapona na wewe hutalazimika kujua. Nilikuhurumia mahali pasipofaa.

Usimpake. Kama barua hii itafika kwa njia yoyote, hata Mungu akifanya mwamba uelee uilete, usimpake.

Beathag


Hirta, 14 Machi 1887

Mdogo wangu,

Natumaini wewe na wako hamjambo.

Seonag alijifungua tarehe ishirini na sita ya mwezi uliopita, salama, mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyekundu kama za marehemu mume wangu. Alilia vizuri. Alinyonya vizuri. Tormod alikuwa akitoka nje na kurudi, anasema, "Nimekuja kuhakikisha bado yupo."

Nilimpaka mara nne kwa siku badala ya mbili, kwa kuwa ni mjukuu wangu.

Siku ya tano aliacha ziwa. Siku ya sita Seonag akaja na chuchu inadondosha maziwa, akaniambia, "Mama, hafungui mdomo." Nikajaribu kwa kidole. Usoni alikuwa kama anatabasamu, nawe unalijua tabasamu lile. Siku ya nane, saa nne asubuhi, alituacha. Mchungaji alikuwa amembatiza siku ya tatu, akampa jina la Lachlann, la baba yetu.

Kitambaa chako kimoja kilimfaa kwa sanda. Kilikuwa cheupe kuliko kitu chochote tulicho nacho. Asante kwa hicho.

Seonag haongei. Anakamua maziwa yake ardhini nyuma ya nyumba. Kila nikiomba naona kama ninaongea na ukuta, halafu naomba msamaha kwa kuwaza hivyo, halafu naanza tena.

Tormod anatuma kijimashua.

Marsaili


Glasgow, 12 Aprili 1887

Dada Marsaili,

Poleni sana. Pole wewe, pole Seonag, pole Tormod. Nimekaa na barua yako siku tatu.

Kuna barua nyingine niliyokuandikia mwezi wa pili. Itakufikia kwa meli hiyohiyo pamoja na hii. Usiifungue. Itie motoni kama ilivyo. Nitakuja mwenyewe siku moja nikueleze yaliyomo tukiwa tumekaa pamoja. Nakuomba kwa jina la mama.

Beathag


Hirta, 2 Juni 1887

Beathag,

Barua zako zote mbili zimefika. Mimi husoma barua kwa kufuata tarehe, kama nilivyofanya siku zote, kwa hiyo ile ya kunikataza kufungua niliisoma ya pili.

Umemtukana mama kaburini kwake. Umeniita muuaji kwa maneno ya mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga hapa. Mji umekufundisha kufua shuka, haujakufundisha njia za Mungu. Anayetoa na kutwaa ni yeye, si tumbo la ndege.

Niache na msiba wangu. Usiniandikie tena.

Marsaili binti Lachlann


Glasgow, 6 Agosti 1887

Dada Marsaili,

Umenikataza, nami nakuvunjia amri mara hii moja. Siandiki kubishana.

Nilikushikia taa. Wakati wa wale wanne, mara zote nne, nilikushikia taa mimi mwenyewe, na nilikwambia, "Paka zaidi, dada." Kama kuna hesabu mbele za Mungu, jina langu lipo karibu na lako, na la mama lipo karibu na yetu, na sote tulikuwa tunawapenda.

Nakuomba ukumbuke siku moja tu. Ile ya Bonde Kuu, Seonag alipozaliwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Kumbuka kitovu nilikikata kwa kitu gani, nilikifunga kwa kitu gani, na mama alifika lini. Basi, sina zaidi.

Mdogo wako, hata ukikataa,
Beathag


Hirta, 19 Juni 1888

Mdogo wangu mpenzi Beathag,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Niall na Lachlann. Hujambo? Mzima wewe? Sina haki ya kukuuliza afya yako baada ya kukaa kimya mwaka mzima, lakini nauliza. Kifua kinaendeleaje?

Barua yako ya mwezi wa nane niliisoma nikaitia ndani ya Biblia, sikuijibu. Katikati ya baridi Tormod akachonga kijimashua, akaniuliza, "Mama mkwe, una barua?" Nikamwambia sina. Akaondoka, kisha akarudi mlangoni akasema, "Hata ya matusi?" Nikamfukuza.

Lakini kabla ya hapo, mwezi wa kumi, nilikuwa nimeshakwenda Bonde Kuu. Nilikwenda peke yangu na goti langu, nikakaa kwenye lile zizi la mawe. Yote yalinirudia. Kisu ulikichovya kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya vyombo vya maziwa, nami nilikugombeza kwamba unapoteza muda. Uzi uliuchomoa kwenye shali yako mpya, ukautia humohumo. Halafu ukungu ukashuka mlimani, siku sita hakuna aliyeweza kupita. Mama alifika siku ya saba na fimbo yake na tumbo la mafuta begani. Akamfunua mtoto. Kitovu kilikuwa kimeshadondoka, pamekauka safi. Nakumbuka alivyosema kwa huzuni, Beathag, kwa huzuni kabisa: "Ah, nimechelewa. Basi Mungu amlinde hivyo hivyo."

Nilikaa pale mpaka ng'ombe wa watu wakaja kunitazama. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikishukuru kwamba katika saba Mungu alimchagua huyu. Kumbe tofauti yake na wenzake ni kwamba mama alichelewa.

Nikarudi nyumbani na sikumwambia mtu. Hilo nalo liandike kwenye hesabu. Niliogopa nyuso zao. Nikasema moyoni, nitaacha tu kimyakimya, nitasingizia goti. Mwezi wa kwanza Seonag akaniambia ana mimba nyingine, safari hii kwa mdomo, akiwa amesimama mbali nami. Nikawatangazia wanawake kwamba nimezeeka, sipokei tena watoto. Nilidhani yameisha.

Mwezi wa nne Bibi Gormul akaja kwangu. Akakaa, akanywa maziwa, akasema, "Haya, nipe lile tumbo."

"La nini?"

"Wewe umeshindwa, si nitampokea mimi wa Seonag? Au unataka kuzikwa nalo?"

Nililitazama pale lilipotundikwa. Nikaelewa kwamba nikilificha watatengeneza jingine, ndege si wapo. Nikimwambia Gormul peke yake ataeneza kwamba nimerukwa na akili. Ilinibidi kusema mbele ya wote.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwenye baraza la wanaume, pale barabarani mbele ya nyumba, wanapokutana kila siku kuamua nani ashuke jabali gani. Unajua mwanamke hasimami pale. Fionnlagh akaniona akasema, "Marsaili, umekuja kutugawia kamba?" Wakacheka. Mmoja akasema, "Mpeni ya kwake, kwa goti lile atashuka mara moja tu."

Nikasema, "Nimekuja kwa habari ya watoto."

Nilisema yote. Sikusema vizuri, nilirudiarudia. Nikawaambia mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiwaua, na mkono ulioyapaka ni huu. Nilikuwa na tumbo lenyewe, nikachukua kisu cha Tormod nikalipasua juu ya jiwe. Yale ya juu yalitoka ya dhahabu kama yanavyotoka kila siku. Ya chini, Beathag, yalitoka meusi, mazito, na harufu iliyowafanya wanaume wanaoishi kwa matumbo ya ndege wageuze nyuso. Humo chini ndimo kidole changu kilimokuwa kikichota, kwa sababu mama alisema ya zamani ndiyo yenye nguvu.

Fionnlagh akaniuliza, "Wangu watatu?"

"Watatu, Fionnlagh."

"Na wa kaka yangu?"

"Na wa kaka yako."

Akavaa kofia yake akaingia ndani, na siku ile hakuna aliyekwenda majabalini.

Wanawake walikuwa wametoka milangoni. Gormul akasema, "Anamtukana mama yake kwa maneno ya dobi wa mjini." Raonaid mkwe wake akaja mpaka karibu yangu. Nilidhani atanipiga, nikashusha mikono.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla sikujua."

Akamtupia Gormul jicho. Kisha akasema, "Basi rudia tena kwa sauti. Mama mkwe wangu masikio yake mazito." Nikarudia.

Tangu siku hiyo wapo wanaonisalimia na wapo wasionisalimia. Maji nachota nikiwa wa mwisho. Mchungaji alikuja akakaa nami, akasema Mungu anajua nilichokusudia. Nikamwambia, "Hilo ninalijua, mchungaji. Na Raonaid anajua kilichotokea." Tukaomba. Sasa sioni tena kama naongea na ukuta. Naona kama naongea na mtu anayesikia kila neno, na hilo ni zito zaidi.

Uchungu ulimshika Seonag tarehe tisa ya mwezi huu. Nikaenda. Alikuwa amesimama ameshika fremu ya mlango. Akasema, "Mama, kaa nje." Hakusema kwa hasira. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu." Akafunga.

Aliyekuwa ndani ni Raonaid. Hajawahi kumpokea mtoto, anachojua ni kuwazaa na kuwazika. Vitambaa vyako vilikuwa vimebaki kumi na kimoja, sabuni miche mitatu, na chupa haijafunguliwa. Nilikuwa nimevipeleka mapema nikaviacha kizingitini. Basi nikasimama nje, mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Raonaid, umenawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

"Nimenawa mpaka nimekuwa na mikono ya mchungaji."

"Uzi umechemka?"

"Umechemka mpaka umekuwa supu, Marsaili. Ukitaka nitakupitishia kijiko."

Nilimsikia Seonag akicheka katikati ya uchungu, halafu akapiga kelele, halafu nikamwambia Raonaid ashike wapi na asivute. Mvua ilikuwa inanyesha. Tormod alileta gunia akanifunika kichwa, akasimama na mimi. Adhuhuri tulisikia sauti ya tatu mle ndani. Nikasema, "Kifunge kikavu. Usikiguse tena. Mtu yeyote asikiguse." Kisha nikaenda nyumbani, maana hapakuwa na kazi yangu tena.

Siku ya nne sikula. Siku ya sita nilikuwa nikitembea barabarani, napita mbele ya mlango wao, nasikiliza, narudi. Tormod akatoka akaniambia, "Ananyonya. Nenda ukalale, unawachosha hata kondoo." Siku ya nane watu wote walikaa majumbani kama ilivyo desturi, wanangoja kuitwa kuzika. Fionnlagh alikuwa na mbao zake nje. Hakuna aliyeitwa.

Leo ni siku ya kumi, nikihesabu tangu kesho yake. Asubuhi Seonag alikuja mpaka mlangoni kwangu akiwa na mtoto amemzungushia shali yake. Ni msichana. Sikunyoosha mikono, niliiweka nyuma ya mgongo. Akamfunua. Akaniambia, "Mtazame, mama." Nikamtazama. Kitovu kimedondoka, pamekauka, kama kule bondeni. Alikuwa anapiga miayo, Beathag. Alifungua mdomo wake wote, mpana, akaufunga, akaufungua tena.

Sikumshika, wala Seonag hakusema nimshike. Labda siku moja atasema, labda hatasema. Lakini kabla hajaondoka alisimama, akatazama shali, akasema, "Hana nguo. Hakuna aliyemshonea." Nikamwambia nitashona mimi, kama ataruhusu. Akasema, "Ichemshe kwanza."

Basi nina sufu, na sindano nimekwisha kuzichemsha. Nimekaa nazo tangu asubuhi. Nimegundua kwamba sijui kipimo. Sanda nazijua, za kila ukubwa, mpaka kwa kufumba macho. Nguo ya mtoto wa mwezi mmoja, wa miwili, kifua kinakuwa kipana kiasi gani, mkono unafika wapi, nimesahau, na miaka hii minane hapa hakuna mama aliyeshona nguo hizo nimuulize. Wewe ulimshonea Lachlann. Meli inaondoka leo na itarudi baada ya wiki tatu. Nitumie vipimo kwa uzi, ukipiga fundo kwa kila mwezi, na unijibu upesi.

Dada yako,
Marsaili